Futi Moja Iliyozidi: Kwa Nini Meli Arthur M. Anderson Haitoki Ziwani

Anza na tarakimu mbili. Ya kwanza ni 766. Huo ndio urefu, kwa futi, wa loki za Njia ya Maji ya St. Lawrence, njia pekee ambayo meli kubwa inaweza kupita kutoka maziwa ya Amerika Kaskazini mpaka Bahari ya Atlantiki. Ya pili ni 767. Huo ndio urefu wa Arthur M. Anderson, meli ya shehena kichele iliyoshushwa majini mwaka 1952 na ambayo imeendelea kupiga kazi mpaka miaka hii yetu. Imezidi futi moja tu, kiasi cha rula ya mwanafunzi. Kwa sababu ya rula hiyo, meli yenye uwezo wa kubeba tani 25,000 haitaonja maji ya chumvi kamwe.

Mtu akisoma jedwali la vipimo vya meli hii, urefu, upana, kina, nguvu za injini, ataona orodha ya namba zisizo na ladha. Lakini kila namba pale imewekwa na kitu fulani: mwamba wa mto, gati la reli, uchumi wa vita, majira ya baridi. Na hiyo futi moja haikuwepo tangu mwanzo. Meli ilizaliwa fupi, ikakatwa katikati, ikaongezwa. Waliofanya hivyo walijua wanafunga mlango wa bahari, na walikuwa na sababu zao.

Tuweke sawa maneno mawili kwanza. Shehena kichele ni mzigo unaomwagwa moja kwa moja tumboni mwa meli, bila gunia wala kontena: mawe ya chuma, makaa, chokaa, chumvi, nafaka. Na loki ni chumba cha maji chenye milango mikubwa huku na huku. Meli inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanafunguliwa au kupunguzwa, na meli inapanda au kushuka kama mtu aliye kwenye lifti. Hakuna pampu inayohitajika. Maji ya juu yenyewe yanateremka kwa uzito wake na kujaza chumba.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia Maziwa Makuu anafikiria Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Haya ninayoyazungumzia ni ya mpaka wa Marekani na Kanada: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, takriban kilomita za mraba 82,000. Nyanza, yaani Victoria, lina karibu 69,000. Tofauti kubwa zaidi iko katika namna yalivyopangwa. Maziwa hayo matano ni ngazi. Maji ya Superior yanaporomoka kuingia Huron kupitia Mto St. Marys, mahali penye maporomoko ya futi 21 hivi. Erie nalo linamwagika kuingia Ontario kwa kishindo cha Niagara. Kila penye maporomoko, binadamu amechimba loki, na kila loki imekuwa kipimo cha nguo kwa meli zinazotaka kupita.

Sasa weka chuma juu ya ramani hiyo. Madini yako Minnesota, kwenye safu ya Mesabi, kaskazini kabisa, karibu na ncha ya magharibi ya Superior. Matanuru ya kuyeyushia yako kusini: Gary, Detroit, Cleveland. Makaa yanatoka kusini zaidi. Ilikuwa lazima kitu kimoja kiyaendee mengine, na njia ya maji ndiyo rahisi kuliko zote. Ukitaka kuona kwa nini, gawa shehena ya safari moja ya Anderson kwa malori ya tani 30. Utapata malori zaidi ya 800 barabarani kwa mkupuo mmoja, yenye madereva zaidi ya 800. Meli inapeleka mzigo huo huo kwa mabaharia wachache wanaoweza kukaa kwenye basi moja.

Umbo la meli hizi lilikuwepo kabla ya chuma chenyewe kutumika kuziunda. Mwaka 1869 huko Cleveland ilishushwa meli ya mbao iliyoitwa R. J. Hackett. Mwenye kuiunda alifanya jambo ambalo lilionekana geni: chumba cha nahodha akakipeleka omo, mbele kabisa, injini akaipeleka tezi, nyuma kabisa, na katikati yote akaacha wazi kwa ajili ya mzigo. Sababu ilikuwa gati. Magati ya mawe ya chuma yalikuwa madaraja marefu ya juu. Treni inapanda juu yake, inamwaga madini kwenye visanduku, na kila kisanduku kina mfereji unaoshushwa mpaka melini. Mifereji ilikuwa imeachana futi 12. Kwa hiyo matundu ya sitaha ya meli yakawekwa kila baada ya futi 24, ili mfereji mmoja kila baada ya mmoja uangukie tunduni sawasawa. Kipimo hicho cha 24 kilirithiwa na meli baada ya meli kwa karibu miaka mia moja. Nahodha wa mwaka 1960 alikuwa anatembea juu ya sitaha iliyopangwa na fundi wa gati wa enzi za babu yake.

Kukaa omo kulikuwa na faida nyingine. Mito inayounganisha maziwa ni myembamba na ina kona, na nahodha alitaka kuona maji yaliyo mbele ya pua ya meli bila sitaha ndefu kumziba. Meli za kisasa zimehamisha kila kitu nyuma na kutegemea vyombo. Anderson bado ina nyumba mbili, moja mbele na moja nyuma, na uwanja wa chuma katikati. Siku za dhoruba mabaharia hawapiti juu ya uwanja huo. Kuna njia za chini ya sitaha, moja kila ubavu, wanazopita kwenda kula upande wa pili. Wanaozipita wakati wa mawimbi husimulia jambo lile lile: ukitazama mbele unaiona njia ikijipinda kama nyoka, kwa sababu meli nzima inajipinda.

Na lazima ijipinde. Upana wa Anderson ni futi 70 (mita 21.3), urefu futi 767 (mita 233.8). Gawanya: urefu ni karibu mara 11 ya upana. Meli za shehena kichele za baharini kwa kawaida huwa mara 6 au 7. Mhandisi wa bahari akiona fimbo hiyo atatikisa kichwa, lakini mhandisi wa ziwa hakuwa na hiari. Upana uliwekwa na loki, kina cha kuzama kikawekwa na mifereji iliyochongwa kwenye mwamba wa mito, futi 27 hivi. Ukitaka kuongeza mzigo, huwezi kwenda pembeni wala chini. Unabaki na mwelekeo mmoja.

Anderson ilizaliwa katika haraka. Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, mahitaji ya chuma yakapanda, na meli nyingi za maziwa zilikuwa za mwanzoni mwa karne, zimechoka. Zikaagizwa meli nane za aina moja, zilizojulikana kama daraja la AAA. Tatu kati yake zilikuwa za kampuni ya US Steel: Philip R. Clarke, Arthur M. Anderson na Cason J. Callaway. Anderson iliundwa Lorain, jimbo la Ohio, kwenye ufuo wa Ziwa Erie, ikashushwa majini tarehe 16 Februari 1952, na ikaanza kazi mwaka huo huo. Jina ni la mmoja wa wakurugenzi wa kampuni. Huo ndio ulikuwa mtindo wa huko: meli ikipewa jina la mkubwa wa ofisi, yeye anapewa heshima, mabaharia wanapewa kitu cha kufupisha.

Urefu wake wa kwanza ulikuwa futi 647. Injini ni ya mvuke, turbini ya Westinghouse yenye nguvu farasi 7,000 na kitu. Mtu aliyezoea meli za leo atashangaa udogo wa nguvu hizo kwa mwili mkubwa hivyo, lakini meli ya kubeba mawe haikimbizani na mtu. Inachotaka ni kwenda mwendo ule ule, usiku na mchana, kuanzia barafu inapoyeyuka mpaka inaporudi. Loki za Sault Ste. Marie, zinazovusha kati ya Superior na Huron, hufungwa katikati ya Januari na kufunguliwa mwishoni mwa Machi. Miezi hiyo miwili na kitu ndiyo likizo ya meli, na ndipo mafundi wanapoingia.

Mwaka 1959 Njia ya Maji ya St. Lawrence ilifunguliwa. Kwa mara ya kwanza meli kubwa ingeweza kutoka bahari ya Atlantiki mpaka Duluth, Minnesota, kilomita zaidi ya 3,000 ndani ya bara. Anderson, ikiwa na futi zake 647, ingeweza kupita kwenda Ontario na kuendelea. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mzigo wake haukuwa huko. Kazi ilikuwa Minnesota kwenda Indiana na Ohio, juu ya Niagara. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, Sault Ste. Marie ikapata loki mpya, Poe, yenye urefu wa futi 1,200 na upana wa futi 110. Hapo hesabu ya kila mwenye meli ilibadilika. Ngazi ya juu ilikuwa imepanuliwa mno, ngazi ya chini imebaki na futi zake 766.

Mwaka 1972 ilitokea meli ya kwanza ya futi 1,000, Stewart J. Cort, na namna ilivyoundwa inaonyesha tatizo lenyewe. Omo na tezi vilitengenezwa Pascagoula, kusini kabisa kwenye Ghuba ya Meksiko, vikaunganishwa vikawa meli fupi ya ajabu isiyo na tumbo, ikasafiri yenyewe baharini na kupanda loki zote. Ilipofika Erie, Pennsylvania, ikakatwa vipande viwili na katikati yake ikapachikwa mwili mrefu uliojengwa pale pale. Sisi tuna jamaa yake wa mbali. Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya. Ziwa lililozibwa huwalazimisha watu kujenga meli mara mbili.

Wenye Anderson walichagua njia ya kati. Majira ya baridi ya 1974 kuelekea 1975 waliipeleka chelezoni Superior, Wisconsin, na kuikata. Kazi hiyo inatisha kwa kuisikia, lakini mantiki yake ni ya fundi cherehani anayeongeza kipande kiunoni mwa gauni. Sehemu ya katikati ya meli ya namna hii haina umbo. Kwa mamia ya futi, ukikata popote unapata mkato ule ule wa mstatili wenye pembe za chini zilizoviringwa. Kwa hiyo unakata kwa moto wa gesi kuizunguka meli yote, unaelea na nusu moja kwenda mbali, unaleta kipande kipya chenye mkato ule ule, unapanga bati kwa bati, unachomelea, kisha unaunganisha mabomba na nyaya zote zilizokatwa. Kipande cha Anderson kilikuwa cha futi 120. Injini ni ile ile, nyumba zote mbili hazikuguswa. 647 ikawa 767, na mlango wa bahari ukafungwa.

Kwa maoni yangu lilikuwa jambo la busara. Walitoa kitu ambacho meli haikukihitaji wakapata maelfu ya tani kwa kila safari.

Hapa inafaa kutoa tahadhari kuhusu namba ya tani. Vitabu vinaandika uwezo wa Anderson kuwa tani 25,300. Hizo ni tani za Kiingereza za zamani, kila moja kilo 1,016, kwa hiyo kwa kipimo chetu ni kama 25,700. Na ni uwezo wa majira ya kiangazi tu. Ubavuni mwa meli ya maziwa kuna alama kadhaa za kuzama: ya katikati ya kiangazi iko juu, ya baridi iko chini, kwa kuwa Novemba huleta dhoruba na meli inatakiwa iache ubavu mrefu zaidi juu ya maji. Meli hiyo hiyo, mwezi tofauti, inabeba mzigo tofauti.

Tena maji ya ziwa yenyewe hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Fanya hesabu ya haraka: chukua futi 767 mara 70, toa kidogo kwa ajili ya ncha zilizochongoka, na utaona kwamba kila inchi moja ya kina kwa Anderson ni zaidi ya tani 100 za mzigo. Mwaka wa ukame ukishusha mto kwa inchi tano, malori 17 ya tani 30 yanabaki gatini kila safari. Ndiyo maana wakati wa kupakia utamwona afisa wa kwanza akiwa ameinama ukingoni, kitabu mkononi, akisoma tarakimu zilizopakwa rangi nyeupe ubavuni, omo, katikati na tezi, huku akizungumza kwa redio na watu wa mifereji. Chini yake pampu zinatoa maji ya farumi, yale yanayoipa meli tupu uzito, kwa kiasi kinacholingana na mawe yanayoingia. Akijaza ncha mbili kabla ya katikati, fimbo hii ndefu inaweza kupinda mpaka ivunjike ikiwa imefungwa gatini, bila wimbi lolote.

Na mawe yanayoingia siku hizi si mawe tena. Mawe mazuri ya Mesabi yalianza kuisha katikati ya karne iliyopita. Kilichobaki kilikuwa takonaiti, mwamba mgumu wenye chuma kidogo, ambao ulikuwa ukitupwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitumia miongo kadhaa kutafuta namna ya kuusaga uwe unga, kuvuta chuma kwa sumaku, na kuuviringisha uwe vidonge vinavyochomwa tanuruni. Kidonge kimoja ni kama gololi ya watoto. Ukiweka konzi moja kiganjani, unashangaa inavyolemea kuliko ulivyotarajia, na inakuachia vumbi la rangi ya kutu kwenye mistari ya mkono. Karibu theluthi mbili yake ni chuma.

Gololi hizo zilibadilisha meli, kwa sababu zinatiririka. Mawe ya zamani yalikuwa na matope, yalishikana, na wakati wa baridi yaliganda kuwa bonge. Ilibidi mitambo mikubwa ya ufukweni iyachimbe kutoka ngamani, yaani tumboni mwa meli. Gololi zinaanguka zenyewe. Ndiyo maana majira ya baridi ya 1981 kuelekea 1982 Anderson ilirudi chelezoni kwa upasuaji wa pili, ikawa meli ya kujipakulia. Sakafu ya ngama iligeuzwa kuwa mteremko wa umbo la V, wenye vilango chini. Chini ya vilango kuna mkanda unaokimbia urefu wa meli. Mkanda unapeleka gololi tezi, zinapandishwa mpaka juu ya sitaha, na kumwagwa kupitia mkono wa chuma wenye urefu wa zaidi ya futi 250 unaozungushwa kwenda nje ya meli. Mahali penye uwanja wa kutosha kumwaga rundo, Anderson inaweza kupakua. Haihitaji winchi ya bandari wala kuli hata mmoja.

Mtu anaweza kuuliza: mteremko huo si unakula nafasi ya mzigo? Unakula. Lakini chuma ni kizito mno kiasi kwamba meli hufika alama yake ya kuzama kabla tumbo halijajaa. Nafasi ilikuwepo ya kupoteza. Makaa ndiyo yanayoumia, maana ni mepesi na yanataka ujazo.

Nimeacha mpaka sasa jambo linaloifanya Anderson ijulikane na watu wasiojali meli. Tarehe 9 Novemba 1975, ikiwa na miezi michache tu tangu iongezwe futi zile 120, ilitoka Two Harbors, Minnesota, kwenda Gary. Alasiri ile ile Edmund Fitzgerald ilitoka Superior, Wisconsin, kwenda Detroit, na tani 26,000 za takonaiti. Fitzgerald ilikuwa na futi 729, imekatwa kwa kipimo cha Njia ya St. Lawrence, iliyoruhusu meli za hadi futi 730 wakati ule ili ibaki nafasi ndani ya loki za futi 766. Manahodha wawili, Jesse Cooper wa Anderson na Ernest McSorley wa Fitzgerald, walipatana kwa redio waongozane upande wa kaskazini wa Superior ili kujikinga na upepo.

Tarehe 10 alasiri McSorley aliarifu kwamba uzio wa sitaha umelala, matundu mawili ya hewa yameharibika na meli imeanza kuinama upande mmoja. Aliomba Anderson isimwache. Baadaye rada zake zote zikafa, na taa ya Whitefish Point, iliyokuwa imwongoze kuingia ghuba ya salama, ilikuwa imezimika. Kuanzia hapo Fitzgerald ilikuwa inaongozwa na macho ya Anderson: maafisa wa Cooper walikuwa wakisoma rada yao na kumwambia alipo. Karibu saa moja kasoro jioni mawimbi mawili makubwa mno yalipanda juu ya Anderson kutoka nyuma na kwenda mbele, kuelekea iliko Fitzgerald. Saa moja na dakika kumi afisa wa Anderson alimuuliza McSorley hali ikoje. Alijibu kwamba wanajimudu. Theluji ikafunika rada kwa dakika chache, na ilipopungua, palikuwa hapana kitu.

Cooper alikuwa ameshafika Whitefish Bay, maji yaliyotulia, walinzi wa pwani walipomwomba arudi kutafuta. Mtu asiyejua meli hataelewa uzito wa ombi hilo. Ilimaanisha kuigeuza fimbo ya futi 767 ubavu kwa mawimbi yaliyokuwa yameua meli nzima saa mbili kabla. Alirudi. Meli nyingine, William Clay Ford, nayo ikatoka kwenye hifadhi kumfuata. Walipata mashua za kuokolea, tupu. Watu 29 walikufa na hakuna mwili uliopatikana.

Kwa nini ilizama? Fitzgerald iko kina cha futi 530, vipande viwili, na wataalamu hawakukubaliana. Walinzi wa pwani wa Marekani, katika ripoti ya 1977, walisema maji yaliingia kidogo kidogo kupitia vifuniko vya sitaha visivyoziba vizuri. Bodi ya usalama wa usafiri mwaka uliofuata ikasema kifuniko kimoja au zaidi kilibomoka na maji yakaingia kwa ghafla. Chama cha wenye meli kilizikataa zote mbili kikasema meli iligusa mwamba karibu na Kisiwa cha Caribou saa kadhaa kabla. Cooper mwenyewe, aliyeitazama kwenye rada, aliona imepita karibu mno na miamba hiyo.

Binafsi sishiki upande. Naona mambo yaliyokuwa kweli kwa hali yoyote. Sitaha ilikuwa na vifuniko 21, kila kimoja na vibano 68, jumla 1,428 vya kukazwa kwa mkono. Kuta za kutenga matumbo ya mzigo hazikuzuia maji, kwa hiyo maji yakiingia sehemu moja yamekwenda kote. Hapakuwa na chombo cha kumwambia nahodha kuna maji kiasi gani chini ya gololi. Hapakuwa na kipima kina cha umeme. Na kati ya 1969 na 1973 kanuni zilikuwa zimelegezwa, meli ikaruhusiwa kuzama zaidi ya futi 3 kupita ilivyobuniwa ili ibebe zaidi. Baada ya msiba vipima kina vikalazimishwa, na mavazi ya kuokolea maisha kwenye maji baridi yakawekwa melini. Fitzgerald ndiyo meli kubwa ya mwisho ya shehena kuzama katika maziwa hayo.

Anderson iliendelea. Februari 2015 ilinaswa na barafu kwenye Ziwa Erie kwa siku kadhaa mpaka meli za kuvunja barafu zilipoikomboa. Januari 2017 ikaegeshwa Duluth, biashara imepungua, na wengi wakaihesabu imekufa. Julai 2019 ikawashwa tena, ikiwa na umri wa miaka 67, na mvuke wake ule ule. Umri huo baharini ni nadra mno. Meli ya maji ya chumvi ikifika miaka 30 imekongoroka. Maji baridi hayali chuma kwa kasi hiyo. St. Marys Challenger, ya mwaka 1906, ilikwenda kwa injini yake mpaka 2013. Na Liemba yetu ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi, ikalala majini mpaka 1924, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927. Jaribu hivyo Mombasa uone.

Sheria nayo inachangia. Tangu 1920 mzigo kati ya bandari mbili za Marekani lazima ubebwe na meli iliyoundwa Marekani, na kuunda meli huko ni ghali sana. Mark W. Barker, iliyoanza kazi 2022, ilikuwa meli ya kwanza ya aina hii kuundwa upande wa Marekani wa maziwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni nafuu kukarabati ya zamani.

Meli nyingi za futi 730 zilizostaafu zimevutwa nzima kupitia loki zile za futi 766, zikavuka Atlantiki na kwenda kukatwa vyuma Uturuki. Anderson siku yake ikifika haitavutwa kwenda huko. Itakatwa huko huko ziwani, na vyuma vyake, kama gololi ilizobeba maisha yake yote, vitapelekwa tanuruni juu ya Niagara.